Lugha ya Barua ya Mashtaka na Haki ya Kusikilizwa: Kufukuzwa Kazi kwa Watumishi wa Umma Tanzania, Kenya na Uganda

Ikisiri

Tanzania, Kenya na Uganda zinakataza mtumishi wa umma kufukuzwa kazi kabla hajaelezwa anachotuhumiwa na kupewa nafasi ya kujitetea. Sheria za kazi za nchi hizo zimekwenda hatua moja mbele: zinataka maelezo hayo yatolewe kwa lugha ambayo mhusika anaielewa. Makala haya yanaeleza maana ya sharti hilo na kuonesha namna haki ya kusikilizwa inavyoweza kupotea ndani ya barua ya mashtaka, kabla ya kikao chochote kuketi. Yanachambua misemo ya barua za kiofisi kwa Kiswahili, adabu ya maandishi inayoweza kusomwa kama ukiri wa kosa, na mkanganyiko wa istilahi unaomfanya mtumishi asijue ni adhabu gani aliyopewa na mlango upi wa rufaa uko wazi kwake.

Msingi uliowekwa Tanga

Wanaosoma sheria Afrika Mashariki hufundishwa habari za mkuu wa polisi wa mji wa Brighton, Uingereza, aliyefukuzwa mwaka 1958 na kamati ya mji bila kusikilizwa. Mwaka 1963 mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba kufukuzwa kwake hakukuwa halali. Kesi hiyo huhesabiwa kuwa ndiyo iliyohuisha kanuni za haki asili katika uamuzi wa kiutawala. Jambo lisilosemwa mara nyingi ni kwamba pwani yetu ilikuwa imetangulia. Katika shauri la mtumishi wa Baraza la Mji wa Tanga, lililochapishwa katika mkusanyiko wa kesi za Afrika Mashariki wa mwaka 1961, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilipanga wazi masharti ambayo mamlaka ya nidhamu haina budi kuyatimiza. Mahakama za Kenya zimeendelea kuyarejelea masharti hayo hata baada ya mahakama hiyo ya pamoja kuvunjwa.

Masharti yenyewe si mazito. Pale ambapo sheria au kanuni imeweka utaratibu, utaratibu huo ufuatwe. Pale ambapo haukuwekwa, mamlaka ifanye uchunguzi wa namna itakayoiwezesha kuamua kwa haki. Hailazimiki kugeuza shauri kuwa kesi ya mahakamani, wala kuita mashahidi kama hakimu. Lakini anayetuhumiwa ajue anatuhumiwa nini. Apewe nafasi ya kusahihisha au kupinga kauli yoyote inayomdhuru. Na maandishi yaliyoandaliwa kwa ajili ya shauri lake, yakiwamo yale yanayoletwa na mtu wa tatu baada ya shauri kuanza, ayaone na ayasemee.

Kati ya masharti hayo, kila linalomhusu mtuhumiwa moja kwa moja ni tendo la lugha. Kujua, kusahihisha, kupinga, kuona maandishi: yote hufanyika kwa maneno ya barua, ya kikao na ya kumbukumbu. Kwa hiyo mjadala wa haki ya kiutaratibu, ambao kwa kawaida umeachiwa wanasheria na maofisa utumishi, una sehemu kubwa inayomhusu mtafiti wa lugha.

Vifungu vitatu vya lugha

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 236, inasema afisa wa umma hatafukuzwa, hataondolewa ofisini, hatashushwa cheo wala kuchukuliwa hatua ya kinidhamu bila kufuata utaratibu wa sheria. Ibara ya 47 inampa kila mtu haki ya kutendewa haki katika hatua za kiutawala, na ya kupewa sababu kwa maandishi pale haki yake inapoathiriwa au inapoelekea kuathiriwa. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 ina ibara ya 173 inayokataza kumwadhibu afisa wa umma bila sababu ya haki, na ibara ya 44 inaiweka haki ya kusikilizwa kwa usawa miongoni mwa haki chache zisizoweza kusitishwa kwa hali yoyote. Tanzania, pamoja na ibara ya 13(6) ya Katiba ya mwaka 1977, inategemea Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002. Kifungu cha 23 cha sheria hiyo kinasema uwezo wa kufukuza hautatumika mpaka mambo matatu yawe yamefanyika: mtumishi amefunguliwa mashtaka ya nidhamu, amepewa nafasi ya haki ya kuyajibu, na uchunguzi umefanyika kwa mujibu wa kanuni.

Hayo yanafahamika. Kisichopewa uzito ni vifungu vya sheria za kazi vinavyotaja lugha kwa jina.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, utendaji duni au kutokuwa na uwezo wa kimwili, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, akiwapo mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama aliyemchagua mwenyewe. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006, kifungu cha 66, inataka maelezo yatolewe kwa lugha ambayo ni busara kutarajia kwamba mfanyakazi ataielewa. Kanuni za Utendaji Bora za Tanzania za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinasema katika kanuni ya 13 kwamba tuhuma ziwasilishwe kwa namna na kwa lugha ambayo mfanyakazi anaweza kuielewa ipasavyo, na kwamba muda wa kujiandaa kwa kawaida usipungue saa 48.

Kwa juu juu vifungu hivi vinasema jambo moja. Vikisomwa kwa makini vinatofautiana, na tofauti hiyo ina matokeo. Kipimo cha Kenya ni mtu mwenyewe: je, mlinzi huyu wa lango, dereva huyu, mhudumu huyu wa ofisi anaielewa lugha iliyotumika? Kipimo cha Uganda ni matarajio ya mtu mwenye busara. Karani aliyeajiriwa kwa sharti la kujua Kiingereza anatarajiwa kukielewa, hata kama Kiingereza chake ni cha kujaza fomu tu na kinamponyoka mara barua inapoanza kutaja vifungu. Kipimo cha Tanzania kina neno moja la ziada ambalo linastahili kuangaliwa zaidi, nalo ni "namna". Barua inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, lugha ambayo mtuhumiwa amezaliwa nayo, na bado namna ilivyoandikwa ikamficha jambo analotakiwa kulijibu. Ni neno hilo linaloondoa dhana kwamba penye Kiswahili tatizo la lugha limekwisha.

Tahadhari moja inahitajika hapa. Mtumishi wa umma wa Tanzania hafuati njia ileile ya mfanyakazi wa kiwanda. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 yaliyoingiza kifungu cha 32A katika Sheria ya Utumishi wa Umma, anatakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa za sheria hiyo, yaani Tume ya Utumishi wa Umma na kisha Rais, kabla ya kutafuta nafuu katika sheria za kazi. Hivyo kanuni za mwaka 2007 haziwezi kuhamishiwa kwake moja kwa moja. Hata hivyo kifungu cha 23 kinataka nafasi ya kujibu iwe "ya haki", na ni vigumu kueleza ni haki gani iliyomo katika nafasi ya kujibu jambo lisiloeleweka.

"Imebainika kuwa": sarufi ya barua ya mashtaka

Chukua mfano wa kutunga, uliofumwa kwa misemo iliyozoeleka maofisini:

"Imebainika kuwa umekuwa na mwenendo usioridhisha na umekuwa ukikiuka taratibu za kazi mara kwa mara, jambo ambalo limeisababishia taasisi hasara. Unatakiwa kujieleza ndani ya siku saba ni kwa nini usichukuliwe hatua kali za kinidhamu."

Sentensi hizi mbili hazina kosa la kisarufi. Ofisa aliyeziandika angepongezwa kwa Kiswahili safi. Zichambuliwe neno kwa neno.

Neno la kwanza, "imebainika", liko katika kauli ya kutendeka. Kauli ya kutendwa huruhusu mtenda atajwe: imebainishwa na mkaguzi, na kamati, na msimamizi wa zamu. Kauli ya kutendeka humfuta mtenda kabisa. Jambo linakuwa limejibainisha lenyewe, kama jua linavyochomoza. Mtuhumiwa hana wa kumuuliza amebaini vipi. Pamoja na hilo, kiambishi -me- kinaeleza tendo lililokamilika. Kama jambo limekwisha kubainika, kilichobaki kusikilizwa ni nini? Neno "inadaiwa" au "unatuhumiwa" lingeliacha shauri wazi. "Imebainika" imelifunga katika neno la kwanza la barua.

"Umekuwa ukikiuka" inaunganisha -me- na -ki- na kuleta maana ya mazoea yasiyo na tarehe. Tuhuma ya namna hiyo haina jibu la ushahidi. Mtu akiambiwa kwamba siku fulani hakuwapo kituoni, anaweza kuleta karatasi ya ruhusa au cheti cha daktari. Akiambiwa amekuwa akitokuwapo, anachoweza kuleta ni sifa zake njema tu, na sifa njema haziwekwi kwenye mizani na tuhuma isiyo na uzito unaojulikana. "Taratibu za kazi" ni wingi usiohesabika: utaratibu upi, wa waraka gani? "Hasara" haina kiasi.

Sehemu ya mwisho ndiyo yenye madhara makubwa zaidi. "Ni kwa nini usichukuliwe hatua" imejengwa kwa kitenzi cha hali tegemezi katika ukanushi. Muundo huo unachukulia kwamba kuchukuliwa hatua ndiyo hali ya kawaida inayosubiri, na kazi ya mtuhumiwa ni kuizuia. Mzigo wa kuthibitisha umehama mikononi mwa mwajiri. Kenya barua ya aina hii ina jina lake na imezoeleka kiasi kwamba wengi huidhani ndiyo hati ya mashtaka yenyewe, ingawa kazi yake ya asili ni kuuliza tu. Na kwa kutaja "hatua kali", mwandishi ameshatangaza adhabu kabla ya utetezi.

Linganisha na barua nyingine ya kutunga kuhusu tukio hilohilo:

"Unatuhumiwa kwamba tarehe 14 Machi, ukiwa mtunza ghala wa zamu, ulitoa mifuko 40 ya saruji bila hati ya kutolea vifaa iliyosainiwa na ofisa ugavi, kinyume cha kanuni iliyotajwa hapo juu. Nakala ya daftari la ghala na maelezo ya maandishi ya ofisa ugavi zimeambatishwa. Unaweza kukubali au kukataa tuhuma hii, na kuleta utetezi na majina ya mashahidi wako."

Barua hii ni ndefu kuliko ile ya kwanza. Lakini mtunza ghala akiisoma anajua la kufanya: atafute hati, aulize kama sahihi ni yake, akumbuke nani alikuwa naye siku hiyo. Barua ya pili inamlinda mwajiri pia. Inamlazimisha kujua anachokidai kabla ya kukidai, na ikiwa hana nakala ya daftari, atagundua upungufu huo akiwa bado ofisini kwake, kabla haujagunduliwa mbele ya Tume.

Kiswahili kina maneno matatu yanayofaa kutumika kwa ngazi, na maofisa wengi huyachanganya. Tuhuma ni lile linalosemwa juu ya mtu. Shtaka ni tuhuma iliyowekwa rasmi kwa maandishi na mamlaka yenye uwezo. Kosa ni lile lililothibitishwa baada ya uchunguzi. Barua inayoanza kwa kichwa "Kosa la Wizi wa Mali ya Umma" imeruka ngazi mbili. Vivyo hivyo kumbukumbu za kikao zinazomwita aliyeitwa kujitetea "mkosaji" badala ya mtuhumiwa zimeandika uamuzi katika safu ya mahudhurio.

Adabu inayosomwa kama ukiri

Upande wa pili wa mawasiliano haya ni jibu la mtumishi, na hapa pana jambo ambalo vitabu vya sheria ya kazi, vilivyoandikwa kwa desturi za lugha nyingine, haviligusi.

Barua ya Kiswahili kutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa ina adabu zake. Hufunguliwa kwa "nakiri kupokea barua yako". Huendelea kwa "naomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza". Hufungwa kwa maombi ya kuangaliwa kwa jicho la huruma, akitajwa mke au mume, watoto, na mama mzazi aliye kijijini. Anayeandika hivyo hajakubali lolote. Amefanya kile alichofundishwa tangu shule ya msingi kwamba ndicho kinachompasa mtu mwenye heshima anapozungumza na aliye juu yake. Kuomba radhi katika jamii nyingi za Kiswahili ni kutuliza hali, na mara nyingi huanzwa na asiye na hatia, kwa sababu aombaye radhi kwanza ndiye aliyeonesha ungwana.

Ndani ya jalada la nidhamu maneno hayohayo hubadilika rangi. "Nakiri" ni neno lilelile la kukiri kosa. "Usumbufu uliojitokeza" linasomwa kama tukio lililokubaliwa. "Nilikosea kutotoa taarifa mapema", lililoandikwa kama unyenyekevu kuhusu jambo dogo la pembeni, linageuka msingi wa hukumu ya jambo kubwa. Ukiri hufupisha safari: penye maandishi ya kukubali, mamlaka huona hapana tena haja ya kuita mashahidi. Mtumishi mwenye elimu ndogo, ambaye ndiye anayeandika kwa adabu nyingi zaidi, ndiye aliye katika hatari kubwa zaidi ya kujifunga kwa adabu yake. Msomi mwenye rafiki mwanasheria ataandika "nakanusha tuhuma zote" na kuonekana mjeuri, lakini jalada lake litabaki salama.

Hapa ndipo haki ya kusindikizwa, iliyotajwa katika sheria za kazi za nchi zote tatu, inapopata maana halisi. Mwenzake mtumishi au mwakilishi wa chama huonekana kwa wengi kuwa shahidi wa kikao tu. Akiwa ameitwa mapema, anaweza kuisoma rasimu ya utetezi na kumwambia mwandishi wake aliondoe neno moja litakalomponza.

Kusimamishwa, kuachishwa, kufukuzwa, kutenguliwa

Mtaani maneno ya kupoteza kazi ni mengi na matamu. Kenya mtu hupigwa kalamu au humwaga unga. Tanzania, tangu hotuba ya Rais John Magufuli ya kufungua Bunge Novemba 2015, mtu hutumbuliwa. Sitiari ya jipu ilienea kwa kasi kwa sababu ilisema kitu ambacho wananchi waliochoshwa na ubadhirifu walitaka kukisikia. Lakini ni sitiari isiyo na nafasi ya utaratibu ndani yake. Jipu halina utetezi; likishaiva hutumbuliwa, na anayechelewa kulitumbua ndiye mwenye kosa.

Lugha ya mtaani haina haja ya kusahihishwa. Tatizo huanza pale lugha rasmi nayo inapokosa mipaka. Katika sheria za utumishi zilizorithiwa kutoka enzi za ukoloni, Kiingereza kina maneno mawili kwa mtumishi aliyezuiwa kufanya kazi wakati shauri linaendelea: moja kwa yule anayeendelea kupata nusu ya mshahara, na jingine kwa yule ambaye mshahara umesitishwa. Magazeti na taarifa za habari za Kiswahili hutumia neno moja tu kwa wote wawili, "kusimamishwa kazi", mara nyingi na nyongeza ya "ili kupisha uchunguzi". Mtumishi anayepokea barua yenye neno hilo hawezi kujua kutokana na neno lenyewe kama mwisho wa mwezi kuna kitu au hakuna. Kwa mwenye kodi ya nyumba na ada za shule, hilo si suala la istilahi.

Kuachishwa kazi na kufukuzwa kazi nako hutumiwa kana kwamba ni visawe. Kuachishwa kunaweza kutokana na ugonjwa, kupunguzwa kwa nafasi au kushindwa kuthibitishwa baada ya kipindi cha majaribio, na humwacha mtu na mafao yake. Kufukuzwa ni adhabu, na doa lake humfuata mtu kila anapoomba kazi nyingine serikalini. Kustaafishwa kwa manufaa ya umma ni jambo la tatu. Kutenguliwa uteuzi ni la nne: aliyeteuliwa na Rais kushika wadhifa anapotenguliwa, anaondolewa kwenye wadhifa huo, na kama alikuwa mtumishi wa kudumu kabla ya uteuzi, utumishi wake haujafa. Taarifa za habari humtangaza kuwa "amefukuzwa", naye mwenyewe, pengine, huamini hivyo na kukaa nyumbani. Baadaye akaitwa kujibu kwa nini ameacha kazi bila ruhusa.

Athari ya mkanganyiko huu kwa rufaa ni ya moja kwa moja. Muda wa kukata rufaa huhesabiwa tangu siku ya kupokea uamuzi. Kama barua haikusema kwa neno lisilo na utata kwamba huu ndio uamuzi wa mwisho, na kwamba adhabu ni hii na mahali pa kukata rufaa ni pale, mtumishi hukaa akisubiri "uamuzi" ambao tayari uko kwenye bahasha chumbani kwake. Siku zinakwisha bila yeye kujua kwamba zilianza kuhesabiwa.

Yaliyosemwa na yaliyoandikwa

Kumbukumbu za kikao zina tatizo lake, ingawa ni fupi kulieleza. Nchini Kenya, ambako ibara ya 7 ya Katiba inafanya Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi zote mbili, na nchini Uganda, ambako marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yaliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, mwenyekiti anaweza kumweleza mtuhumiwa kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani, na sharti la lugha likaonekana limetimizwa. Kumbukumbu lakini huandikwa kwa Kiingereza. Rufaa husikilizwa kwa kusoma kumbukumbu. "Nilichukua" la mdomoni likiandikwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya kuiba, mtuhumiwa hatalijua kosa hilo mpaka hukumu itoke, kama ataijua hata hapo. Tanzania hali ilikuwa kinyume chake kwa muda mrefu: kikao na barua kwa Kiswahili, lakini sheria yenyewe na kumbukumbu za mahakama kwa Kiingereza. Marekebisho ya mwaka 2021 yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki yamefungua njia ya kuziba pengo hilo. Kazi ya kuziba bado ni kubwa.

Je, utaratibu unawalinda wezi?

Washauri wa sera wana haki ya kuuliza kama haya yote hayamfungi mikono mwajiri anayekabili ubadhirifu ulio dhahiri. Tarehe 28 Aprili 2017, mjini Dodoma, serikali ya Tanzania ilipokea orodha ya watumishi 9,932 waliobainika, kwa neno la siku ile, kuwa na vyeti vya kughushi, na agizo la kuwaondoa kazini likatolewa palepale. Cheti cha kughushi ni kosa zito, na wananchi waliotibiwa na mganga asiye na sifa au kufundishwa na mwalimu asiye na sifa ni waathirika wa kweli. Hata hivyo, baadhi ya waliotajwa walilalamika kwamba majina yao yameingizwa kimakosa, na ikabidi nafasi ya kukata rufaa ifuate baada ya tangazo. Suala la michango yao ya hifadhi ya jamii liliendelea kujadiliwa kwa miaka, mpaka mwaka 2022 serikali ilipotangaza kuwarejeshea. Orodha ya karibu watu 10,000 hata ingekuwa sahihi kwa asilimia 99, bado ingekuwa na watu wapatao 100 wasiostahili kuwamo. Barua moja kwa kila mtu, yenye namba ya cheti kinachotiliwa shaka na muda mfupi wa kujibu, ingewatenga hao kabla ya majina yao kusomwa hadharani.

Kuhusu wezi wa kweli, jibu ni la kiutendaji zaidi kuliko la kimaadili. Anayenufaika na barua mbovu ya mashtaka ni yule aliyeiba kweli na ana uwezo wa kumlipa wakili. Tume ya Utumishi wa Umma ya Tanzania imekuwa ikizikumbusha mamlaka za nidhamu, mwaka baada ya mwaka, kwamba kukiukwa kwa utaratibu ndiko kunakofanya rufaa zikubaliwe. Mtumishi aliyerejeshwa kwa sababu hati ya mashtaka haikutaja kosa hajatangazwa kuwa hana hatia. Amerudi kazini na malimbikizo ya mshahara, na walipakodi wamelipa mara mbili. Gharama ya kosa la utaratibu si sawa kila mahali. Kenya, mahakama inaweza kutoa fidia hadi mishahara ya miezi 12. Uganda, kifungu cha 66 kinaweka mshahara halisi wa wiki nne kwa mwajiri aliyekosa kumsikiliza mtu, kiasi ambacho mwajiri asiye mwangalifu anaweza kukiona ni bei nafuu ya kukwepa kikao. Uganda, tofauti na majirani zake hao wawili, iliridhia mwaka 1990 Mkataba Namba 158 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao ibara yake ya 7 inataka mfanyakazi apewe nafasi ya kujitetea kabla ya kuachishwa. Nchi iliyojifunga kimataifa ndiyo yenye fidia ndogo zaidi kwa kasoro hii. Jambo hilo lingefaa kuangaliwa na wanaorekebisha sheria Kampala.

Kazi iliyo mikononi mwa wanaisimu

Mengi ya yaliyoelezwa hayahitaji sheria mpya. Ofisi zinazosimamia utumishi zinaweza kutoa kiolezo cha hati ya mashtaka chenye nafasi za kujazwa kwa lazima: tarehe, mahali, tendo, kanuni, ushahidi ulioambatishwa. Kiolezo hicho kikikataza "imebainika" na kutaka "unatuhumiwa", kitakuwa kimefanya zaidi ya semina ya siku tatu. Chini ya hati kuwe na mistari miwili ya kuchagua, "nakubali tuhuma" na "nakataa tuhuma", ili ukiri usiwe tena jambo la kukisiwa kutoka kwenye maneno ya adabu. Mtuhumiwa apewe kumbukumbu za kikao azisome na azisaini katika lugha aliyoitumia kuzungumza, na tafsiri, kama ipo, iambatishwe tu.

Istilahi ni kazi ya BAKITA, BAKIZA na wenzao wa Kenya na Uganda kwa pamoja, kwa kuwa mtumishi wa taasisi ya kikanda anaweza kuajiriwa Arusha, kushtakiwa Kampala na kukata rufaa Nairobi. Pa kuanzia ni maneno mawili tu ya kutofautisha kuzuiwa kazini kwa nusu mshahara na kuzuiwa bila mshahara. Pendekezo linaloweza kujadiliwa ni kuliacha "kusimamishwa" kwa hali ya pili na kutumia "kuwekwa kando" kwa ya kwanza. Huenda likapatikana neno bora zaidi. Mpaka lipatikane, barua yoyote ya kumsimamisha mtumishi inapaswa kuandika kwa tarakimu, katika aya ya kwanza, kiasi atakachopokea mwisho wa mwezi.